Mgongo wa Kiganja

1

Uvumi ulikuwa kazi ya Hamdani Shekue, na aliifanya kwa mapenzi. Katika jengo la kampuni ya Tumbuizo, pale Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, alikuwa na dawati karibu na dirisha. Kwenye dawati hilo zilizaliwa habari nusunusu ambazo wacheza gemu kutoka Mombasa hadi Lubumbashi walizitafuna kama karanga. Leo picha yenye ukungu inayoonyesha pembe moja ya kifaa. Kesho sauti ya mtu asiyetaka kutajwa, akiapa kwamba kioo kitakunjika mara mbili. Keshokutwa kampuni inakanusha, na kanusho lenyewe limefumwa kwa ustadi hata hamu inazidi. Kiganja cha Nne, kifaa kipya cha gemu cha kampuni hiyo, kilikuwa bado hakijatoka kiwandani, lakini mashabiki walikuwa wameshakipenda, wameshakitukana, na wameshagombana juu yake hadi kununiana.

"Lisemwalo lipo," Hamdani alizoea kusema, "na kama halipo, nitalileta mimi."

Namkunda Mbwambo alizisoma habari hizo wakati wa chai, akicheka peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa umbo la kifaa hicho, Mpare wa Same aliyekuja Tanga kusomea nyuzi za mkonge akanaswa na gemu. Kwake uvumi ule ulikuwa kama kumsikia jirani akiieleza nyumba yako ilhali hajawahi kuvuka kizingiti. Wengine walisema kitakuwa na vioo viwili. Wengine walisema betri itapozwa kwa maji. Hakuna aliyeutaja mgongo, na siri yote ya Kiganja cha Nne ilikuwa mgongoni.

Basi asubuhi moja Hamdani alishuka hadi karakana yake, akasimama kando ya meza bila kuketi, jambo lisilo la kawaida kwa mtu aliyependa viti kama yeye. Alimweleza kwamba kumezuka uvumi mpya, nao unakimbia kuliko wowote aliowahi kuutoa. Mtu mmoja wa Korogwe, jina halijulikani, alikuwa ameokota kipande cha kitambaa kwenye taka za kiwanda, akakipima kwa vyombo vyake, kisha akaandika sentensi mbili tu. Mgongo wa Kiganja kipya unasoma maradhi ya mikono. Wenyewe wanajua.

"Dada Namkunda, huu si wangu," Hamdani alisema. "Niambie ni uongo, niufanyie kazi."

Namkunda alikuwa ameshika koleo ndogo. Aliiweka chini taratibu, akamjibu kwamba angependa kwanza kukiona hicho kipande. Lakini riziki ya Hamdani ilitokana na kuujua mlio wa neno lisilosemwa lote. Akavuta kiti, akaketi.

2

Mgongo wa Kiganja cha Nne ulikuwa kitambaa. Ulifumwa kwa nyuzi za mkonge zilizochomwa hadi zikawa kaa, nyembamba kuliko unywele, zenye uwezo wa kupitisha umeme. Juu yake kulikuwa na ngozi laini ya bandia. Mtu akikishika kifaa, kitambaa kile kililala juu ya viganja vyake na kusikiliza.

Kilichosikilizwa ni nia. Kabla kidole hakijasogea, amri hushuka kutoka ubongoni, misuli ikakaza, kano zikavutika. Yote hayo hutokea kwa muda mdogo sana, lakini hutokea, na kitambaa cha Namkunda kiliyadaka yakiwa njiani. Hivyo kijiti na vitufe vilikuwepo kama zamani, ila gemu ilijibu kabla kidole hakijafika. Wajaribu wa kwanza walipokishika walicheka kama watu waliotekenywa. Mmoja wao alisema ni kama gemu imekuzaa.

Tatizo ni kwamba mkono wa mtu hauna ukimya. Ndani yake mna mapigo ya moyo, mna pumzi, mna baridi na njaa na woga. Vyote hivyo ilibidi vipepetwe vitoke ili ibaki nia peke yake. Yaliyotoka wahandisi waliyaita makapi, na makapi yalipelekwa kwenye ghala la data la kampuni, kwa sababu anayepepeta hujifunza kwa makapi pia.

Namkunda alikuwa amefanya jambo moja alilojivunia. Alitaka Kiganja kiwatumikie hata watu wenye maradhi ya kutetemeka, wale ambao vifaa vingine viliwafanya waonekane wazembe. Aliwaalika wagonjwa kadhaa, wakacheza siku nyingi, na mashine ikajifunza kuutambua mtetemo wao na kuutenga. Kichujio hicho kiliwaka chenyewe kilipohitajika. Kwenye kioo cha wahandisi ilitokea alama ndogo pembeni, basi.

Halafu likatokea la Mzee Shembilu. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa treni, mcheshi, mzima wa afya, aliyekuja kujaribu kifaa kwa sababu nyumbani alichoshwa na redio. Kila aliposhika Kiganja, alama iliwaka. Wahandisi walidhani ni hitilafu. Walibadilisha kitambaa, wakabadilisha kifaa kizima, na alama ikaendelea kuwaka mikononi mwake na kuzimika mikononi mwa wengine. Mwaka uliofuata Mzee Shembilu alikuja kuwasalimia, mkono wa kushoto ameutia mfukoni. Alipoutoa, ukitetemeka, walielewa. Mashine ilikuwa imejua kabla yake, kabla ya mkewe, kabla ya daktari.

Na sasa alama ilikuwa ikiwaka kwa Sikudhani Kombo.

Tanga nzima ilimjua Sikudhani. Alikuwa binti wa Makorora, bingwa wa Afrika Mashariki, mwenye ulimi mwepesi na mikono miwili iliyochorwa ukutani pale Ngamiani, mikubwa kuliko mlango, vidole vimetandazwa kama mbawa. Watoto walijipima viganja vyao juu ya ile picha. Tumbuizo walimwajiri kuwa mjaribu mkuu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuikimbiza mashine hadi ikachoka.

Mchana ule, baada ya Hamdani kuondoka, Namkunda aliteremka ukumbi wa majaribio akasimama nyuma ya kioo. Sikudhani alikuwa akicheza, miguu juu ya meza, akimtania fundi mmoja bila hata kutazama anachokifanya. Alama ilikuwa imewaka. Ilikuwa imewaka tangu kabla ya mvua za vuli. Namkunda alikuwa ameshabadilisha kila kinachobadilika, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, mkono wa kushoto. Baada ya hapo alifanya kile ambacho waoga hufanya na wenye busara pia hufanya, hata mtu asiweze kuwatofautisha. Alingoja.

3

Bwana Rweyongeza, mkurugenzi wa usanifu, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpinga. Alimkaribisha Namkunda ofisini, akafunga mlango, akamsikiliza hadi mwisho bila kugusa simu. Uvumi wa Korogwe alikuwa ameshausikia. Habari za Sikudhani ndiyo kwanza azisikie, na uso wake ulionyesha kuwa zimemuuma.

Kisha akaanza kuzipanga hoja zake. Mzee Shembilu ni mtu mmoja, alisema, na mtu mmoja si ushahidi. Kifaa si daktari. Tukisema kinaona maradhi, mamlaka za afya zitakichukua kama kifaa cha hospitali, kitakaa kabatini miaka, na kiwanda chote cha Pongwe kitakaa nacho. Namkunda alikuwa na majibu ya hayo yote. Lakini Rweyongeza aliiacha ya mwisho ikae kidogo kabla hajaitoa.

"Maradhi hayo hayana tiba," alisema. "Kuna vidonge vya kutuliza, kuna mazoezi, basi. Huyu binti ana miaka yake ya furaha mbele. Ukimwambia leo, unampa nini zaidi ya kumnyang'anya hiyo miaka?"

Maneno hayo Namkunda alikuwa ameshajiambia mwenyewe, kwa sauti ile ile ya upole.

Mkurugenzi akaeleza anachotaka. Siku ya uzinduzi ilikuwa karibu. Sikudhani angecheza jukwaani mbele ya waandishi wa habari, na bila shaka mmoja wao angeuliza kuhusu uvumi. Namkunda ndiye angejibu, na angejibu kwamba si kweli. Hamdani akikanusha, watu hucheka. Namkunda akikanusha, wataamini, maana hajawahi kuwadanganya.

Namkunda aliuliza habari za makapi yaliyo ghalani.

Yatabaki, Rweyongeza alijibu. Kampuni haitupi kitu ambacho bado haijajua kina kazi gani. Akaongeza, kwa sababu alikuwa mkweli kwa namna yake, kwamba watu wa bima walikuwa wamepiga hodi, kwa adabu, wakiuliza mikono ya wachezaji inasema nini.

"Sijakubali," mkurugenzi alisema.

Namkunda alilisikia neno "bado" ambalo hakulitamka.

"Bosi," alisema, "kumficha mtu habari za mkono wake ni jambo moja. Kuziweka ghalani, zingoje mnunuzi, hali mwenyewe hana habari, ni jambo jingine. La pili siliwezi."

"Na la kwanza?"

"La kwanza sijui."

Rweyongeza aliinamisha kichwa. Alimwambia afikiri, kisha akamfungulia mlango kwa mkono wake, kama anavyofanyiwa mgeni.

4

Kilichomsumbua Namkunda si ugumu wa kusema. Kilichomsumbua ni kwamba hakuona namna ya kuuliza. Mtu ana haki ya kujua. Mtu ana haki pia ya kuishi bila kujua, kama asivyolazimishwa kuangalia chini anapovuka daraja. Njia ya haki ingekuwa kumwendea Sikudhani na kumwuliza: unataka kujua? Lakini nani huulizwa swali hilo pasipo na kitu? Kuuliza kwenyewe kungekuwa kujibu.

Aliligeuza hivi na vile siku kadhaa, akila bila kuonja. Mwisho alimwendea Hamdani, na bila kumtajia jina la mtu akamweleza fumbo lake: vipi utampa mtu neno, kisha umwachie uhuru wa kutolipokea, bila yeye kushtuka kwamba neno hilo lipo?

Hamdani hakufikiri sana. Hiyo ilikuwa biashara yake.

"Neno la mtu mmoja ukimpelekea mtu mmoja, umeshalisema," alijibu. "Wapelekee wote. Mtu hujificha vizuri kwenye umati."

Namkunda alirudi karakana akiwa ameshaamua. Hakuomba ruhusa, kwa kuwa alijua angenyimwa, na kukaidi katazo ni kosa kubwa kuliko kutouliza. Aliwaita wajaribu wote, wazima na wagonjwa, wazee kwa vijana, wakajaa ukumbini mchana wa jua kali, viyoyozi vikivuma. Sikudhani alikaa safu ya nyuma, akisukwa nywele na mwenzake.

Namkunda hakuzunguka. Aliwaambia mgongo wa Kiganja ulitengenezwa kusikia nia, lakini umesikia zaidi. Aliwaambia habari za kichujio. Alisema alama ikiwaka huenda ni dalili na huenda si dalili. Mashine haijui jina la maradhi, inajua tu mtetemo ambao macho hayauoni. Makapi ya kila mmoja wao yako ghalani, na wao hawakuombwa yawekwe huko. Kisha akaeleza utaratibu. Kila mtu ataingia chumba cha pembeni peke yake, awe na lolote au hana. Atasema nataka kujua, au atasema futa. Akisema futa, makapi yake yatafutwa mbele ya macho yake, na yeye Namkunda hatatamka kitu. Wote watakaa ndani muda unaolingana, ili walio nje wasipime kwa saa.

Kisha mwanamke mmoja akamgeukia Mzee Shembilu, ambaye mkono wake ulikuwa ukicheza juu ya goti, akamwuliza kwa heshima: baba, wewe yamekupata, ungetaka ujulishwe mapema?

Mzee Shembilu alifikiri. Aliushika mkono wake kwa mkono mwingine, kama mtu anayemtuliza kuku.

"Kujulishwa sijui, mwanangu," alisema. "Labda ningetaka, labda nisingetaka. Ila ningetaka kuulizwa."

Hapo watu wakaanza kujipanga mlangoni.

5

Walioingia wengi walisema futa. Namkunda alishangaa, halafu akaona hakuna cha kushangaa. Wachache walitaka kujua, na aliwaambia hawana alama, wakatoka wakijitahidi uso usiseme kitu.

Sikudhani aliingia karibu na mwisho, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Hakuketi. Aliufunga mlango, akauegemea.

"Dada Namkunda, umewaita watu wote hawa kwa ajili yangu," alisema.

Namkunda alijaribu kumkumbusha utaratibu. Sikudhani aliinua kiganja kumzuia. Hakuonekana na hasira. Alikuwa na ule utulivu wake wa fainali, ambao wapinzani wake waliuogopa kuliko makelele.

"Zamani ulikuwa unakuja mezani kwangu, tunacheka, unanitazama usoni," alisema. "Siku hizi unakuja, unautazama huu mkono, unaondoka. Mimi kazi yangu ni kuangalia mtu anatazama wapi. Ndivyo ninavyoshinda."

Hapo Namkunda aliona kwamba kule kungoja kwake, alikodhani ni kumwacha binti wa watu na furaha yake, kulikuwa kumeshasema kila kitu, tena vibaya, kwa mafumbo, kwa kumwacha alale na hofu isiyo na jina. Alitaka kuomba radhi. Lakini aliona kuomba radhi wakati ule kungekuwa kujifanya yeye ndiye mgonjwa. Akamwambia tu kwamba bado anaweza kusema futa, na hata sasa si kuchelewa.

"Ningekuwa sijauota huu mkono usiku, ningesema futa," Sikudhani alijibu. "Nimeshaota. Niambie."

Namkunda akamwambia. Alimwambia mkono wa kushoto, alimwambia tangu lini, alimwambia wasilolijua, ambalo lilikuwa kubwa kuliko walilojua. Hakupunguza na hakuongeza. Sikudhani aliusikiliza mkono wake ukisimuliwa kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliye mbali. Alipotaka kulia, alilia kidogo, kwa kifupi, akajifuta kwa ukingo wa kanga aliyojifunga mabegani.

Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama uzinduzi ungefanyika angeruhusiwa kucheza. Namkunda alisema mikono ni yake. La pili, nani mwingine anajua. Namkunda akamtajia mkurugenzi. Sikudhani alitafakari, akasema basi asijue mtu mwingine hadi atakapotaka mwenyewe. Na makapi yake yafutwe sasa hivi, akiangalia.

Wakayafuta. Walikaa ndani muda uleule waliokaa wengine, wakitazama ukuta, kisha akatoka, akarudi kwa mwenzake kumaliziwa nywele.

6

Rweyongeza alipata habari kabla ya jua kuzama, na alifoka kiasi cha kusikika ghorofa ya chini. Lakini uzinduzi ulikuwa umeshatangazwa, waandishi wameshafika kutoka Nairobi na Kampala, na jina la Namkunda limeshachapishwa kwenye mabango. Alimwambia wazi: akikanusha uvumi jukwaani, yaliyotokea ukumbini yatasahauliwa. Asipokanusha, kitambulisho chake atakiacha mezani.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Sikudhani alicheza kwa namna ambayo watu waliisimulia muda mrefu baadaye. Alikipeleka Kiganja mbio hadi vijana walisimama juu ya viti, na alipomaliza alikiinua juu kwa mkono wa kushoto, makusudi, akakishikilia hapo. Namkunda, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya jukwaa, ndiye peke yake aliyeelewa ukaidi ule.

Swali lilikuja mapema kuliko alivyotarajia, kutoka kwa mwandishi mmoja wa safu ya mbele. Je, ni kweli mgongo unasoma maradhi? Rweyongeza alimgeukia Namkunda akitabasamu kwa meno tu.

Namkunda alisogeza kipaza sauti.

"Ni kweli," alisema. "Hatukukusudia, lakini ni kweli. Kwa hiyo kifaa mlichokiona leo hakiko tayari. Hakitakuwa tayari mpaka mgongo wake ujifunze kunyamaza."

Kelele zilizofuata hazikumruhusu kusema mengi. Mwandishi alipaza sauti akiuliza ni mkono wa nani uliosomwa. Namkunda alijibu kwamba hilo si lake kulisema. Nyuma yake Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kiti cha mchezaji, akifuta kioo cha Kiganja kwa kanga, hana habari na mtu.

7

Kitambulisho Namkunda alikiacha mezani kama alivyoambiwa. Mashabiki walimtukana majira mazima kwa kuwacheleweshea gemu. Hamdani, aliyeagizwa safari hii atangaze ukweli mtupu kwa mara ya kwanza katika kazi yake, aliutangaza, na hakuna aliyemwamini. Walisema ni mbinu mpya ya kampuni.

Lakini mamlaka za afya ziliuamini, na zikaweka sharti: kifaa hakiuzwi mpaka mkono wa mtu ubaki siri ya mwenyewe. Wahandisi wa Tumbuizo walijaribu kuandika kanuni za kulinda makapi, kila kanuni ikavunjwa na wakaguzi. Mwishowe Rweyongeza alimpigia simu Namkunda huko Same, akamwomba arudi. Hakuamua kwa wema, aliamua kwa hesabu, na Namkunda hakujali ni kipi kilichomsukuma. Alitaja sharti moja, kwamba ghala lifutwe kabla hajavuka lango. Likafutwa, Mzee Shembilu na wenzake wakiwa mashahidi.

Alichokijenga kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Badala ya kupepeta nje, mgongo ulijipepeta wenyewe. Chipu ndogo kama punje ya mtama ilishonwa ndani ya kitambaa cha mkonge. Nia ikapita, makapi yakafia hapohapo, hayana waya wa kuyapeleka kokote. Waya ulikuwepo mmoja tu, wa kufika kwenye kioo cha kifaa chenyewe, nao ulikatwa katikati. Pembeni mwa kifaa kulikuwa na swichi ya shaba, ngumu, ya kusukuma kwa kidole gumba, ambayo hakuna programu iliyoweza kuisogeza. Mwenye kifaa akiisukuma na kuishikilia, ncha za waya zinagusana, na mgongo unamwambia yeye peke yake ulichokisikia. Akiiachia, umesahau.

Kifaa cha kwanza kilipotoka kwenye mstari, Namkunda alimwita Sikudhani. Alikuja akiwa amenenepa kidogo, na maneno yake yaleyale. Alikuwa ameshakwenda kwa madaktari. Daktari mmoja alisema haoni kitu. Mwingine alisema bado haoni kitu, na Sikudhani alicheka alipokuwa akisimulia tofauti ya maneno hayo mawili. Alikuwa akifanya mazoezi ya mikono kila asubuhi, na michuano alikuwa akiendelea kuishinda, si yote.

Alikipokea Kiganja, akakigeuza, akaupapasa mgongo. Kidole gumba kikaipata swichi ya shaba. Kikakaa juu yake. Mafundi waliokuwa karibu wakajifanya wana shughuli.

"Leo nimekuja kucheza tu," Sikudhani alisema, akakiondoa kidole.

Akacheza. Alicheza vizuri, miguu juu ya meza kama zamani, akimtania kila aliyepita. Baada ya muda alisimama, akakirudisha kifaa mezani kwa Namkunda, akakunja uso.

"Dada, kijiti cha kushoto kizito."

Namkunda alikishika, akakijaribu kwa kidole chake. Vijiti vipya vyote vilikuwa na ugumu kidogo. Hiki kilikuwa kigumu zaidi kidogo, au kilikuwa sawa na vingine, hakuweza kusema. Angeweza kumwomba Sikudhani aisukume swichi mara moja, wajue kama ni kijiti au ni mkono. Swichi ilikuwa pale pembeni, ikimeta.

Alivuta droo, akatoa bisibisi, akakifungua kifaa. Akaanza kuilegeza springi ya kijiti, taratibu, kama ambavyo angemfanyia mchezaji yeyote. Sikudhani akavuta kiti, akaketi kungoja.